"Furnitures" ina kosa gani?

MamaStoo: Wakuu, naandika CV ya kazi ya stoo kwenye duka la samani. Nimeweka "I counted all furnitures". Kompyuta inaipigia mstari mwekundu. Kwani viti na meza si vingi?

Kalamu: Dada, chair na table zinahesabika, weka s. Furniture Kiingereza kinaichukulia kama unga, haipokei s. Ukitaka idadi: "twenty pieces of furniture". Equipment, luggage na information ni hivyohivyo.

Mwl_FormTwo: Ongeza advice, wanafunzi wangu wanaibandika s kila insha! Halafu angalia kialama cha umiliki: ofisi ya meneja mmoja ni manager's office, ya mameneja wengi managers' office.

MamaStoo: Asante mwalimu. Kwa hiyo "all the furniture and equipment"?

Mwl_FormTwo: Hapo sawa kabisa. Tuma.