Fundi wa Kariakoo ameniunguzia mashine ya leza diski, kisha ananidai hela ya ufundi

Wakuu, ninaandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Marehemu baba yangu mdogo alikuwa baharia. Mwaka 1992 alirudi kutoka Yokohama na mashine ya Pioneer ya kuchezea leza diski, pamoja na diski 17 za filamu, zile kubwa za kung'aa zenye upana wa sentimita 30. Tangu mwaka juzi nimekuwa nikizihamishia kwenye kompyuta, upande mmoja baada ya mwingine, usiku nikitoka kazini. Wapo watakaouliza kwa nini nisizipakue tu mtandaoni. Filamu nyingi zilipotolewa upya zilibadilishwa rangi, sauti na hata matukio. Star Wars ilichezewa hivyo mwaka 1997, na toleo lake la awali lilipotolewa kwenye DVD mwaka 2006, lilitokana na nakala iliyoandaliwa kwa ajili ya leza diski za mwaka 1993.

Kazi yenyewe si ya kuchomeka waya na kubonyeza kitufe. Mawimbi huchukuliwa yakiwa ghafi, pale yanapotoka kwenye jicho la leza, yakipimwa mara milioni 40 kwa sekunde, kisha programu ya ld-decode ndiyo inayoyageuza kuwa picha. Upande mmoja wa dakika 60 hula karibu gigabaiti 180 usipobanwa. Nilikuwa nimemaliza diski 11.

Mwezi uliopita mkanda wa trei ulilegea. Ni kipande cha mpira tu. Nikaipeleka mashine kwa fundi mmoja Kariakoo, nikamweleza kwa kinywa changu kwamba ni ya Japani, inatumia volti 100 wakati umeme wetu ni volti 230, na juu ya hapo nikabandika karatasi pembeni ya waya: VOLTI 100 TU. Nikamwachia na transfoma ya kushushia umeme, nimeifunga kwenye kanga kuukuu ya mama ili isigongwe.

Nilipoifuata baada ya siku nne, harufu ya kuungua ilinipokea kabla ya salamu. Nikafungua kifuniko: kapasita zimepasuka na ubao wa pawa umekuwa mweusi. Karatasi yangu ilikuwa palepale. Transfoma ilikuwa bado ndani ya kanga, na fundo ni lile lile nililolifunga mwenyewe. Fundi akaniambia, "Kaka, mashine za zamani ndivyo zilivyo, muda wake ulikuwa umefika," kisha akadai shilingi 30,000 kwa sababu mkanda ameubadilisha.

Na si hilo tu. Diski moja niliyomwachia ya kujaribia, miongoni mwa sita zilizobaki, aliisafisha kwa thina. Diski hizi ni za plastiki iitwayo akriliki, na thina huila akriliki. Sasa uso wake una ukungu ambao haufutiki, na leza haiwezi kusoma kilicho nyuma yake. Filamu iliyokuwemo sikuwa nimeichukua hata dakika moja.

Kutoijua mashine hii si kosa, maana ni wachache waliowahi kuiona. Angesema, "Kaka, hii siijui," ningemshukuru na kuondoka nayo nzima. Kinachoniuma ni mtu kupokea kazi, kuitikia "sawa, sawa" kwa kila neno, kisha asisome hata karatasi iliyo mbele ya macho yake. Pioneer waliacha kutengeneza mashine hizi mwaka 2009, kwa hiyo hakuna duka nitakaloingia leo na kununua mpya. Wakati huohuo diski mbili kati ya zilizobaki zimeshaanza kuonyesha chengachenga, kwa kuwa hewa ikipenya kwenye gundi, aluminiamu ya ndani huanza kuoza.

Hela yake sijampa na sitampa. Nimemtaka alipie ubao wa pawa na diski aliyoiharibu, naye amesema nirudi Jumatatu, nitarudi. Aliye na mashine ya leza diski ya Pioneer iliyokufa, hata kama leza yake haisomi kabisa, mradi ubao wa pawa ni mzima, aniandikie nimtumie namba ya modeli iliyo mgongoni mwa yangu.