Pengo la jino la mbele: pleti, daraja au implanti? Naomba ushauri kabla ya kumuaga binti

MzeeWaTengeru (mleta mada)

Wanajukwaa, nawasalimu. Nina pengo la jino upande wa juu na nimeamua kulijaza. Nimekwenda kliniki mbili za meno hapa Arusha, na kila moja imenipa jibu lake. Ya kwanza imenishauri pleti ya kuvaa na kuvua kwa Sh150,000. Ya pili imesema nikitaka jambo la kudumu niwekewe implanti kwa Sh2,500,000, na kwamba ipo pia njia ya katikati, yaani daraja, ambayo bei yake hawakunitajia. Mwezi wa 12 nina sherehe ya kumuaga binti yangu, na sitaki kuwa baba anayecheka huku amefunika mdomo kwa leso. Aliyepitia mojawapo ya njia hizi anieleze ipi ni bora. Naomba kuwasilisha.

Nesi Mstaafu

Shikamoo kama unastahili, na kama u mdogo wangu basi habari za leo. Swali lako umelileta nusu. Ni jino lipi hasa, na lilitoka lini? Meno yaliyo jirani na pengo ni mazima au yamezibwa? Una umri gani, unavuta sigara, una kisukari, umewahi kutumia dawa za mifupa? Bila majibu hayo, kila mtu hapa atakusifia kile kilichomo mdomoni mwake mwenyewe.

Kahawa Chungu

Mimi nitakisifia kilichomo mdomoni mwangu bila aibu. Nina implanti ya gego la chini tangu mwaka 2019, na mahindi ya kuchoma natafuna upande uleule. Kwa asiyefahamu, implanti ni skrubu ndogo ya titani inayozamishwa ndani ya mfupa wa taya mahali ulipokuwa mzizi. Mfupa huikumbatia, kisha juu yake hufungwa kofia ya jino. Kwamba mfupa hushikamana na titani kiasi cha kutoachana nayo, aliligundua Msweden Per-Ingvar Brånemark alipokuwa akifanya utafiti kwa sungura miaka ya 1950, na mgonjwa wake wa kwanza alimwekea mwaka 1965. Kwa hiyo si kitu cha kujaribiwa jana.

Watu huogopa kutobolewa mfupa. Kwa ganzi niliyochomwa sikusikia maumivu, bali mtikisiko tu, kama umeegemea ukuta ambao jirani anaupigia msumari. Kilichonichosha ni kungoja miezi mitatu na nusu kabla ya kufungiwa jino. Faida yake kubwa ni kwamba hakuna jino jirani linaloguswa.

Bint Majengo

Habari zenu. Mimi nipo Moshi na nina daraja la meno matatu, moja la bandia katikati na kofia mbili pembeni zinazolishikilia. Nilikwenda mara mbili tu ndani ya wiki mbili, nikamaliza. Ila ni haki kusema kwamba meno yangu ya pembeni yalikuwa yamekwisha kuzibwa kwa vipande vikubwa, hivyo kuchongwa hakukuwa hasara. Kama jirani zako ni wazima, fikiri mara mbili, kwa sababu jino likishachongwa halirudi, na mengine mshipa wake hufa baadaye na kuhitaji matibabu ya mzizi. Usafi nao una kazi yake: kila usiku ninapitisha uzi maalumu chini ya jino la katikati, nikizembea siku mbili ufizi unanikumbusha.

MzeeWaTengeru

Asanteni. Nina miaka 58, nadhani shikamoo inabaki palepale au inageuka, dada Nesi ataamua. Jino ni la mbele, la pili kutoka katikati, upande wa kushoto. Lilitoka mwaka 2016 nilipoanguka na pikipiki. Jirani zake ni wazima. Sivuti sigara. Mengine uliyouliza sidhani kama yanahusu jino moja.

Nesi Mstaafu

Nina miaka 66, kwa hiyo shikamoo naipokea. Na hayo "mengine" ndiyo yanayohusu. Nitakungoja.

Mkono wa Maabara

Nimefanya kazi ya kutengeneza meno ya bandia maabara kwa miaka mingi, naomba niongeze jambo ambalo halijasemwa. Jino likitoka, mfupa uliokuwa ukilishika hukosa kazi na huanza kunywea, na upana wa ukingo wa taya unaweza kupungua kwa karibu nusu katika mwaka wa kwanza pekee. Lako limetoka tangu 2016. Pitisha ulimi mbele ya pengo, juu kidogo ya ufizi, nina hakika utakuta bonde.

Bonde hilo ndilo litakaloamua. Implanti inahitaji mfupa wa kutosha kuizunguka, na ukiwa mwembamba itabidi uongezewe mfupa kwanza, jambo linaloongeza miezi na fedha. Hata ikiwekwa, jino la mbele linaweza kuonekana refu kuliko wenzake kwa sababu ufizi umepanda. Pleti, ambayo watu huidharau, ina ufizi wa waridi unaoweza kulijaza bonde hilo na kurudisha umbo la mdomo wa juu. Ndiyo maana nasema kwamba mbele ya mdomo kitu cha bei ndogo wakati mwingine huonekana vizuri kuliko cha bei kubwa.

Ipo pia njia ya nne ambayo kliniki zako hazikuitaja, nayo ni daraja la kubandika: jino moja lenye ubawa mwembamba unaogundishwa nyuma ya jino jirani, bila kulichonga au kwa kulichonga kidogo mno. Kwa jino la pili kutoka katikati huwa inafaa sana. Ila kabla sijakusifia, nijibu swali moja: umekulia wapi?

Dereva wa Himo

Kabla hajajibu, naomba nisimulie yangu, ili asije akatafuta njia ya tano.

Mwaka 2012 nilipoteza jino la mbele, na rafiki akanipeleka kwa fundi mmoja aliyekuwa na chumba kidogo, kiti cha kinyozi na ndoo ya maji yenye koki. Hakupiga picha wala hakupima. Alichanganya unga na kimiminika ndani ya kizibo cha soda, akaviringisha donge kwa vidole, akanibandika pamoja na jino la dukani, akilikandamiza kwenye ufizi na kuzungushia meno mawili ya jirani. Lile donge lilipoanza kukauka lilipata joto hadi machozi yakanitoka, naye akaniambia nivumilie kwa sababu ndiyo linashika. Baada ya dakika 40 nilijiangalia kwenye kioo nikaona nimepata kijana mwenzangu. Nililipa, na nikampa ya soda.

Wiki tatu za kwanza nilicheka hata pasipo na kichekesho. Kisha ulimi ukaanza kukuta ukingo mkali kwa nyuma, na baada ya miezi michache ikaja harufu ambayo dawa ya meno haikuiweza. Mke wangu hakusema kitu. Alianza tu kugeukia ukutani. Nilikuwa nikisafiri na abiria wa mbele nikaanza kuendesha dirisha likiwa wazi hata mvua ikinyesha. Kitu chenyewe kilikuwa hakitoki, kwa hiyo chakula kilichoingia chini yake kilikaa humo. Mwaka mmoja na nusu baadaye ufizi ulivimba, usaha ukatoka, nikaenda hospitali. Daktari wa meno alilikata lile donge vipande vipande kama anavyokata mtu kucha ya ng'ombe. Lilipotoka, alilishika jino langu la pembeni kwa vidole viwili na likacheza. La upande wa pili pia. Yakang'olewa yote mawili.

Nilikwenda kutafuta jino moja nikarudi na pengo la matatu. Sasa nina pleti ya meno matatu, kila usiku naivua, naisugua na kuiweka kwenye kikombe cha maji. Mleta mada, uliza kwanza kama anayekuhudumia ni daktari wa meno aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, ndipo uulize bei.

Kahawa Chungu

Pole sana kaka. Lakini naona hapa pleti inapata sifa isizostahili. Pleti inaegemea ufizi, inaongeza mabaki ya chakula kando ya meno mazima, na mtu anaweza kupiga chafya mbele ya wakwe ikatoka. Mwenye uwezo asishauriwe umaskini.

Nesi Mstaafu

Kaka Kahawa, wewe una implanti ya gego, mahali ambapo hakuna anayekutazama. Usimpimie mwenzio jino la mbele kwa gego lako. Isitoshe, huyu ana sherehe mwezi wa 12, na wewe mwenyewe umesema ulingoja miezi mitatu na nusu bila kuongezewa mfupa.

Kahawa Chungu

Sikusema aivae skrubu bila jino. Wanaweza kumpa pleti ya muda huku mfupa ukipona.

Nesi Mstaafu

Basi tumefika palepale: pleti.

MzeeWaTengeru

Msigombane kwa ajili yangu. Bonde lipo, nimelipapasa. Ndugu wa maabara, nimekulia Maji ya Chai. Meno yangu ni ya kahawia yenye madoa, kama ya wenzangu wote tuliosoma nao. Pale kliniki ya pili walileta kile kibao cha vipande vya meno vya kulinganishia rangi, wakakisogeza mdomoni mwangu, na hakukuwa na hata kimoja kilichofanana. Yule binti alicheka kidogo, nami nikacheka ili asione aibu.

Mkono wa Maabara

Nilitegemea jibu hilo. Maji ya huko kwenu yana floraidi nyingi, madini yanayoyatia meno madoa ya kahawia. Kwa jino la namna hiyo, daraja la kubandika lina shida yake, kwa sababu gundi hushika kwa kuchimba vijishimo kwa asidi juu ya tabaka gumu la jino, na tabaka la jino la namna yako haliitikii vizuri asidi ile. Inawezekana, lakini atakayefanya awe anajua ana jino la aina gani.

Kuhusu rangi, usikubali jino jeupe la dukani likae katikati ya meno ya kahawia kama taa. Fundi anaweza kulichora: ukungu mweupe kama chaki, kisha msitari wa kahawia unaokatiza katikati, na kidoa kimoja pembeni kisicho na mpangilio, maana doa lililopangwa vizuri ndilo linalomshtua mtu. Nenda mwenyewe maabara mchana, usimame karibu na mlango na si chini ya taa, na rangi ichaguliwe mwanzoni, kwa sababu meno yakikaa wazi na kukauka huonekana meupe kuliko yalivyo.

Mwalimu wa Kijenge

Naomba kuuliza kando kidogo: si afadhali ayasafishe yote yawe meupe kwanza? Na je, akibadilisha maji, madoa hayatapungua?

Nesi Mstaafu

Mwalimu, madoa yale huingia jino likiwa bado linaundwa ndani ya taya, utotoni, hadi kama miaka minane. Mzee wa miaka 58 akinywa maji ya mvua hadi kufa kwake hayatabadilika. Maji yabadilishwe kwa ajili ya wajukuu. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na vyanzo vingi vinavyozunguka Mlima Meru vinapita hapo kwa mbali. Na wanaolainisha makande kwa magadi wajue kwamba magadi nayo yana floraidi.

Bint Majengo

Sisi wa Moshi hatuna matatizo hayo.

Mwalimu wa Kijenge

Dada, Hai ipo mkoa gani? Huko nako meno ya kahawia yapo. Sisi nyumbani tunachuja kwa mkaa wa mifupa, kama ule unaotengenezwa na kituo cha Ngurdoto, ingawa unachosha kuubadilisha.

Dereva wa Himo

Makande bila magadi yanamaliza mtungi wa gesi. Mniambie nifanyeje.

Nesi Mstaafu

Loweka usiku kucha, maji ya kulowekea uyamwage. Sasa turudi kwa mleta mada, ambaye bado ana deni langu.

MzeeWaTengeru

Dada, shikamoo tena. Ni kweli nina kisukari tangu 2018, natumia vidonge. Kliniki ya pili waliniandikia kipimo cha sukari kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu, nikaiweka karatasi kwenye gari. Niliona wanatafuta fedha.

Nesi Mstaafu

Marahaba. Hao ndio waliokujali kuliko wote. Mwenye kisukari kilichodhibitiwa anaweza kuwekewa implanti, lakini sukari ikiwa juu kidonda hakiponi vizuri, mfupa hauishiki skrubu inavyotakiwa, na ufizi hushambuliwa kwa urahisi. Ungelipa 2,500,000 ukaja kuitema. Hata kama hutaki implanti, sukari ikipanda ufizi wa meno uliyobakiza uko hatarini, na pleti isiyosafishwa itakuletea fangasi kwenye kaakaa. Itoe hiyo karatasi kwenye gari.

Na ukichagua pleti, ipate angalau mwezi mmoja kabla ya sherehe. Siku za kwanza mate hujaa na herufi ya "s" hupiga mluzi. Baba wa binti hawezi kukwepa kusema "asanteni sana". Ikikuchubua, irudishe kwa waliokupa, usiipigie msasa nyumbani.

MzeeWaTengeru

Nimerudi, wanajukwaa. Leo nimekwenda kuchukuliwa vipimo vya pleti. Wamenijaza mdomo kitu kama ugali wa baridi chenye harufu ya mnanaa, nikakitoa na meno yangu yote yamejichora ndani yake, hadi lile bonde. Kisha nikaenda maabara na mama watoto. Yeye ndiye aliyechagua rangi, mlangoni, kwenye mwanga. Fundi alipaka, yeye akasema bado, akapaka tena, akasema bado, hadi mara ya nne ndipo akasema: "Hilo ndilo la huyu mzee niliyeolewa naye." Nimeambiwa itakuwa tayari Alhamisi. Habari ya implanti nitaifikiria mwakani, Kahawa Chungu usinichoke.

Kahawa Chungu

Mfupa haungoji mwakani, mzee. Lakini hongera.

Bint Majengo

Hongera, na tunaomba picha ya sherehe.

Nesi Mstaafu

Hongera. Majibu ya sukari yamesemaje?