Gari jeusi lina mikwaruzo ya mviringo juani: nilioshe vipi nyumbani, na je, nta itasaidia?

Mpenda Usafi
Habari zenu wadau. Nina gari jeusi ambalo huliosha mwenyewe nyumbani kila mwisho wa wiki. Likiwa kivulini linapendeza kabisa, lakini likipigwa na jua, boneti na milango huonyesha mikwaruzo myembamba mno iliyozunguka pale mwanga unapoangukia, mfano wa utando wa buibui. Ninatumia maji ya ndoo, sabuni ya unga na kitambaa cha pamba. Naomba kufahamu chanzo chake, na iwapo kupaka nta kutaiondoa au kutaificha tu kwa muda.

Fundi Rangi
Ndugu yangu, mikwaruzo hiyo kwa kweli imetapakaa kila upande. Jicho huona ile tu ambayo mkao wake unaurudisha mwanga kwako, ndiyo maana inaonekana ya mviringo. Magari mengi ya kisasa yana tabaka angavu juu ya rangi, ambalo sisi mafundi tunaliita klia, na unene wake kwa kawaida ni takriban maikroni 40 hadi 50, yaani karibu nusu ya unene wa karatasi ya kuchapia. Tabaka hilo jembamba ndilo linalobeba mng'aro wote na kuikinga rangi dhidi ya mionzi ya jua, na halioti tena likishalika.

Kinacholikwaruza ni mchanga. Chembe moja ikinaswa kati ya kitambaa na bodi, kila unaposugua inachora mstari, na kitambaa bapa cha pamba hakina mahali pa kuificha. Kwa hiyo kazi kubwa ifanyike kabla hujaligusa gari: limwagie maji kwa wingi kuanzia paa kushuka chini, uache uchafu ulainike, kisha umwagie tena. Baada ya hapo tumia glavu ya kuoshea yenye nyuzi ndefu laini pamoja na ndoo mbili, moja ya maji ya shampuu ya gari, si sabuni ya unga wala ya vyombo, na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glavu kila unapomaliza sehemu moja. Ukiichungulia ile ndoo ya maji matupu mwishoni, utaona mchanga umetulia chini. Huo wote ungekuwa umerudi kwenye milango. Mkono usikandamize. Sehemu za chini za milango na bampa ziachwe mwisho, na rimu ziwe na kitambaa chake pekee, kwa sababu vumbi la breki lina chembe za chuma.

Dereva Mkongwe
Naafikiana na Fundi, isipokuwa naona suala la sabuni linakuzwa kupita kiasi. Mimi natumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa miaka mingi na rangi ya gari langu haijabanduka.

Fundi Rangi
Mzee wangu, kwa heshima zote, haibandui rangi, na sikusudii kumtisha mtu. Sabuni ya vyombo imetengenezwa ili iondoe mafuta, na nta nayo huondoka hatua kwa hatua kwa sabuni hiyo hiyo, hivyo inafaa zaidi siku ambayo mtu amepanga kupaka nta upya. Ya unga siishauri kabisa: ni kali zaidi, na punje zisizoyeyuka vizuri nazo husugua. Shampuu ya gari huacha utelezi unaoisaidia glavu kupita bila kukwama.

Mama wa Safari
Niongezee kuhusu kukausha, maana wengi wetu huharibu hapo. Usioshe juani wala bodi ikiwa ya moto. Maji hukauka haraka na kuacha madoa meupe ya chokaa, ambayo kwenye gari jeusi huonekana waziwazi na yakikaa muda mrefu huwa magumu kutoa. Tandaza taulo nene la maikrofaiba juu ya boneti, liache linywe maji, kisha uliinue badala ya kusugua. Taulo hizo zisifuliwe kwa dawa ya kulainisha nguo, kwani huziba nyuzi zisinyonye maji.

Kinyesi cha ndege nacho kisisubiri mwisho wa wiki. Kina asidi, na joto la jua huharakisha kazi yake ya kuila klia. Weka kitambaa kilicholowa juu yake kwa dakika chache, kisha ukiokote taratibu.

Mpenda Usafi
Nawashukuru sana. Bado nina swali moja: nta au kauri, yaani ile dawa ya maji inayopakwa na kuganda juu ya klia kama tabaka la kinga?

Fundi Rangi
Vyote viwili havifuti mikwaruzo. Nta huijaza kidogo ikafifia. Kinachoifuta ni polishi, ambayo hukwangua klia hadi usawa wa mkwaruzo, ndiyo maana haifai kupigwa mara kwa mara. Nta ya kanauba, itokanayo na majani ya mti wa Brazili wa jamii ya michikichi na minazi, hudumu kwa wiki kadhaa hadi miezi michache. Kauri hudumu zaidi, hata miaka, lakini ina gharama kubwa, hudai maandalizi makini, na haiwezi kuzuia mikwaruzo ya uoshaji mbaya. Ningekuwa wewe ningebadili kwanza namna ya kuosha, kisha nipige polishi nyepesi mara moja, na siku hiyo hiyo nipake nta. Maji yakiacha kujikusanya kuwa matone juu ya boneti safi, paka tena.