Nimeuziwa kwadi yenye ugonjwa wa gia uliofichwa, na mafundi wanakimbilia kupasua injini tu!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Wiki tatu zilizopita nilinunua kwadi (pikipiki ya magurudumu manne) ya mtumba, gia tano, zile zisizo na mkono wa klachi, unakanyaga pedeli tu gia inaingia. Nilipofika kwa muuzaji niliikuta inanguruma, injini ishapata moto. Nikazunguka nayo uwanjani: moja, mbili, tatu, laini kabisa. Nikalipa. Kesho yake asubuhi injini ikiwa baridi naingiza gia ya kwanza, KRAAK! Chombo kikaruka mbele kama kimepigwa teke. Nikisimama, niutro (gia huru) haipatikani mpaka nizime injini.

Kumpigia muuzaji, ananijibu, "Ndugu yangu, mtumba ni mtumba." Tangu siku hiyo hapokei simu.

Fundi wa kwanza hakushika hata bisibisi. Alisikia ule mlio mara moja akatoa hukumu: giaboksi imekufa, tupasue injini. Wa pili akabadilisha pedeli ya gia, eti meno ya shafti yamelika. Hayajalika, na mlio uko palepale. Hivi kweli mgonjwa anapelekwa kwenye kisu kabla hajapimwa hata homa?

Ikabidi nikae nayo mwenyewe. Kwadi za aina hii zina klachi mbili. Moja inashika yenyewe injini ikizunguka kwa kasi na kuachia mzunguko ukishuka. Ya pili inaachiwa na pedeli: ukianza kukanyaga inatengana kwanza, ndipo gia inahama. Basi angalieni nilichokuta.

Skrubu ya sailensi, ile ya kupangia mzunguko wa injini chombo kikiwa kimesimama, ilikuwa imekazwa hadi injini inavuma bila kuguswa mafuta. Kwa mvumo ule klachi ya kwanza haiachii kabisa, ndiyo maana niutro inagoma na gia ya kwanza inaingia kwa kishindo. Halafu oili: nzito mno, ya gari. Ikiwa baridi inagandamanisha sahani za klachi. Ikishapata moto inalainika, na mnunuzi anadanganyika. Sasa mnaelewa kwa nini nilikuta injini imewashwa kabla sijafika!

Kilichonichoma zaidi ni nati ya kurekebishia klachi, kwenye kifuniko cha ubavuni. Pembe zake zimeviringwa, rangi imekwanguliwa, na mikwaruzo bado inang'aa, haijashika hata vumbi. Mtu ameihangaikia juzijuzi. Alijua! Alijua gia zina tatizo, akajaribu, akashindwa, akamtafuta mtu wa kumtupia mzigo.

Nilishusha sailensi. Nikamwaga oili, nikaweka ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, ambayo imepimwa kwa klachi inayoogelea kwenye oili. Kisha nikalegeza ile nati, nikazungusha skrubu ya katikati taratibu mpaka nikahisi inagonga ukinzani, nikairudisha robo ya mzunguko, nikakaza nati huku nimeishikilia skrubu kwa bisibisi isihame. (Upande wa kuzungushia unategemea modeli, someni kitabu chake.) Kazi ya mchana mmoja. Gia ya kwanza sasa inaingia kimya, niutro naipata injini ikiwa inawaka. Na yule fundi alitaka kunipasulia injini kwa hilo!

Lakini hasira yangu haijaisha, kwa sababu gia ya pili inachomoka. Si kila mara, ni pale ninapoibebesha mzigo. Juzi nilikuwa katikati ya mlima, ikachomoka, injini ikapiga kelele tupu na kwadi ikaanza kurudi nyuma. Kwadi ikirudi kinyumenyume mlimani na ukashtuka ukabana breki ya nyuma, inaweza kukubinukia. Nilibana breki ya mbele kidogokidogo mpaka ikatulia, miguu inatetemeka. Mtu anamuuzia mwenzake kitu cha namna hii akijua!

Nilipomwaga ile oili, chini ya beseni kulikuwa na vumbi la chuma linalometameta, na ndani yake kipande kigumu, kama punje ya mahindi, upande mmoja umevunjika wa makali, upande mwingine umelainika duara. Nadhani ni kona ya jino la kushikia gia. Yale meno yakishaviringika hayang'ang'aniani tena, mzigo ukija yanasukumana na gia inatoka. Hilo sasa halina marekebisho ya nje. Hapo ndipo kupasua kunapostahili, na nitapasua.

Kwa hiyo nauliza waliowahi kufungua za aina hii: mlibadilisha jozi ya gia ya pili peke yake, au na uma wa kuhamishia gia pia? Na ile springi ya mkono unaoshikilia ngoma ya gia (ile inayozunguka na kusukuma uma), mliiona imelegea? Nataka niagize spea zote kwa mkupuo, sitaki kufungua injini hii mara mbili.