Mliopanda Mlima Meru, yapi yaliwakuta? Tupeane uzoefu

Mkazi wa Ngaramtoni
Habari za asubuhi wakuu. Leo nimefungua dirisha nikauona Meru una weupe kileleni, vidole vikaanza kuniuma kama siku ile. Tulitoka Saddle, kibanda cha mwisho kabla ya kilele, saa saba usiku. Mpaka Rhino Point nilikuwa napiga stori na watu. Baada ya hapo, ule mwamba wa kushika kwa mikono, kushoto kreta na giza tupu, nikawa naomba Mungu kwa sauti. Cobra Point nikakaa chini, nikamwambia askari wa hifadhi anayetuongoza, mimi basi. Akanimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa: "Kunywa kwanza, tutaongea." Nilifika. Semeni na nyie.

Buti la Mtumba
Cobra Point mkuu, usinikumbushe.

Mama Wawili
Mimi Cobra Point sikuiona. Nilipanda na mdogo wangu wa kiume, kijana wa mazoezi. Siku ya pili tumefika Saddle, wote hoi, yeye akapanda Little Meru, kile kilele kidogo cha jirani, na kushuka mbio. Usiku akaamka kichwa kinamgonga, akatapika mara mbili. Nikamwambia ni uchovu tu. Neno hilo linanichoma hadi leo.

Karibu na Rhino Point akaanza kuyumba kama mlevi. Glavu moja kaivua, mkono umekufa ganzi, hajui iko wapi. Nikamuuliza jina la mama yetu, akanitazama tu. Askari akammulika usoni mara moja, akasema, "Huyu anashuka sasa hivi." Kuna mwenzetu akalalamika kwamba amelipa hela nyingi. Askari hakubishana naye, akamwachia askari mwenzake kundi, wapagazi wawili wakamshika mdogo wangu kwapani, tukageuza.

Kulipopambazuka tuko Miriakamba, kibanda cha chini, akaomba uji. Akanywa bakuli mbili. Nilikaa nje ya kibanda nikalia, mbega wanaruka juu ya miti. Daktari alituambia ubongo ulishaanza kuvimba, na kilichomwokoa ni kushushwa mapema.

Mkazi wa Ngaramtoni
Dada, pole sana. Nimesoma mara mbili.

Mzee wa Usa
Pole mwanangu. Sisi tulikuwa tunatafuna kitunguu saumu tangu geti la Momella, hakuna aliyeumwa.

Tengeru Damu
Shikamoo mzee. Kwa heshima, kitunguu saumu hakizuii huo ugonjwa wa mwinuko. Mtu akiyumba ni kushuka, usisubiri asubuhi.

Mzee wa Usa
Marahaba. Sijasema asishuke. Nimesema tulitafuna.

Kibo Kwanza
Lakini Meru ni mita 4,566 tu jamani, Kilimanjaro ni 5,895. Mnatisha watu.

Buti la Mtumba
4,562.

Kibo Kwanza
Mimi nimesoma 4,566.

Tengeru Damu
Hizo nne zina kazi gani? Momella iko kama mita 1,500. Unapanda mita elfu tatu na wengi wanabana ratiba siku tatu, wakati Kilimanjaro unalala njiani siku tano au sita. Ndiyo maana watu wanaumia hapa wakidhani ni mlima wa mazoezi.

Buti la Mtumba
Na nyati je? Sisi walisimama katikati ya njia hatujafika hata kwenye ule mtini mkubwa wenye tundu ambalo njia inapita katikati yake. Askari alitoa bunduki begani, akatuambia tusimame kimya nyuma yake. Dakika ishirini hakuna aliyekohoa.

Mgeni wa Mlima
Naenda Februari. Siku tatu zinatosha?

Kibo Kwanza
Zinatosha kabisa, nenda.

Mama Wawili
Chukua nne, mdogo wangu. Little Meru panda taratibu, ushuke ulale. Na mwenzako akivua glavu kwenye baridi ile, muulize jina la mama yake.

Mgeni wa Mlima
Asante dada, nimechukua nne. Glavu nzito nakodi wapi hapa mjini?