Cusco, Peru: nilale Plaza de Armas au San Blas? Naombeni ushauri

Tausi wa Ilala
Wakuu habari za jioni. Kuna ndugu yangu anakwenda Cusco mwezi wa sita, mara yake ya kwanza Amerika ya Kusini. Viza ipo, tiketi zipo. Tarehe 23 asubuhi anatua akitokea Lima, tarehe 24 anaangalia Inti Raymi, sherehe ya jua ya Wainka, kule kwenye magofu ya Sacsayhuamán, tarehe 25 Machu Picchu. Swali ni moja tu: alale karibu na Plaza de Armas, uwanja mkuu wa mji, au apande San Blas? Na vibaka wa huko wakoje? Ana tatizo dogo la afya ila si la kujadili hapa. Wajuzi mje.

Chumvi Kidogo
Plaza. San Blas ni mtaa wa wachongaji na wachoraji, unapendeza, lakini ni ngazi tupu. Vichochoro vya mawe, bajaji isingepita, na begi la magurudumu huko ni mzigo wa kichwani. Njia ya kupandia ni mtaa wa Hatun Rumiyoc, wenye ukuta wa Wainka na lile jiwe la pembe 12. Asiliguse. Akilala Plaza aombe chumba kinachotazama uani, maana upande wa barabarani mwezi wa sita ni ngoma na baruti hadi usiku. Nyumba nyingi za katikati ni za Kihispania juu na za Kiinka chini: ukuta mnene, uani katikati, baridi ndani. Juni usiku nyuzi hukaribia sifuri, kwa hiyo aulize habari ya hita kabla ya kuuliza kifungua kinywa.

Vibaka: soko la San Pedro na kwenye umati wa sherehe. Begi kifuani, simu isikae mfuko wa nyuma. Taksi hazina mita, bei ikubaliwe kabla ya kuingia. Akina mama wenye mavazi ya rangi na mtoto wa alpaka mkononi, ukipiga picha unalipa, basi mpatane kwanza. Akinunua juisi sokoni aseme "yapa", ataongezewa iliyobaki kwenye mashine.

Mama Rozari
Mwambie asiipite Lima hivihivi. Mtakatifu Martin wa Porres amezikwa pale Santo Domingo, mtoto wa mama aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Alitangazwa mtakatifu 1962. Na picha ya Bwana wa Miujiza ilichorwa ukutani 1651, na wenyewe wanasimulia kuwa mchoraji alikuwa mtumwa kutoka Angola. Cusco nako, kanisa kuu lina Kristo mweusi wa Matetemeko, na mchoro wa Karamu ya Mwisho ambao Marcos Zapata kaweka simbilisi mezani.

Kinyozi Mstaafu
Simbilisi mezani kwa Bwana? Wanaofuga kule Kivu na Iringa wasikie hii, bei itapanda. Lakini mama, mtu kauliza kitanda.

Mlima Hauhami
Naona wote mnajibu habari ya kitanda. Lima ni pwani. Cusco ni mita 3,400 hivi. Anapanda kwa saa moja na dakika 20 ameketi kitini. Kwa kipimo cha Kilimanjaro, huko ni kulala juu kuliko kambi ya Mandara (2,720) siku ya kwanza, na Sacsayhuamán, mita kama 3,700, ndiyo kambi ya Horombo yenyewe siku ya pili. Halafu siku ya Inti Raymi barabara ya kule juu hufungwa kwa magari, watu wengi hupanda kwa miguu. Ukikosa kiti cha kulipia unakaa kilimani tangu asubuhi juani.

Kwa hiyo tatizo dogo ni lipi? Moyo? Mapafu? Mimba? Jibu lako linabadilisha kila kitu.

Tausi wa Ilala
Si moyo. Ni mambo ya damu tu. Na atakunywa chai ya koka, hoteli nyingi wanatoa bure.

Kinyozi Mstaafu
Mambo ya damu tu! Kama mwenye gari anayesema ni mambo ya injini tu.

Chumvi Kidogo
Chai ya koka huchangamsha na kutuliza tumbo kidogo, oksijeni haiongezi. Na asifungashe majani kurudi nayo, hata yale ya pakiti. Peru ni halali, uwanja wa ndege wa kubadilishia Ulaya ni dawa za kulevya.

Mtu wa Maabara
Dada, damu ipi? Kama ni seli mundu sema, hakuna anayekujua hapa.

Tausi wa Ilala
Haya. Ni seli mundu. Na ndugu ni mimi. Lakini sijawahi kuumwa, sijawahi kuongezewa damu, nina miaka 31. Nadhani ni kubeba vinasaba tu, si ugonjwa wenyewe. Tiketi ya Machu Picchu ina jina langu na namba ya pasi, hairudishwi. Kiti cha Inti Raymi nimelipia. Naombeni msinitishe, nataka kujua hoteli.

Mtu wa Maabara
"Nadhani" umeitoa wapi? Karatasi yako imeandikwaje?

Tausi wa Ilala
Kipimo cha haraka, seli mundu chanya. Basi.

Mtu wa Maabara
Hapo ndipo penye shida. Kipimo cha haraka kinachosema chanya tu kinaonyesha kuwa hemoglobini S, ile ya seli mundu, imo. Hakisemi kama unayo kutoka kwa mzazi mmoja (AS) au wote wawili (SS), wala kama imechanganyika na kitu kingine. Kinachotenganisha ni elektroforesisi ya hemoglobini, hospitali kubwa za rufaa wanafanya. Ukishaipata ndipo uende kwa daktari wa damu.

Kwa nini ina maana: Cusco hewa ina asilimia 21 ya oksijeni kama Kigamboni, ila mgandamizo ni theluthi mbili tu, kwa hiyo kila pumzi inaleta kidogo. Chembe yenye S ikikosa oksijeni inakunjika. Bandama ndipo damu inapopita polepole, ndipo zinapokwama. Mwenye AS ambaye hajaumwa maisha yake yote pwani anaweza kupata shambulio la bandama huko juu, hasa akiongeza kupanda ngazi, baridi na kutokunywa maji. Si wengi wanaopatwa, lakini hutokea. Mwenye SS ni jambo jingine kabisa, wengi huambiwa wasiende.

Ugonjwa wa kimo, yaani wa kupanda juu ghafla, wenyewe wanauita soroche, ni kichwa, kichefuchefu, usingizi kukatika. Bandama ni maumivu chini ya mbavu za KUSHOTO, wakati mwingine yanapanda hadi bega la kushoto, na kutapika. Kwa kuwa hali zote mbili hutapisha, watu wa hoteli watakupa chai na kukuambia ulale. Usilale. Unaomba oksijeni, hospitali, na kushuka.

Nyundo ya Baridi
Si ameze Diamox tu? Miligramu 125 mara mbili kwa siku, anaanza siku moja kabla.

Mtu wa Maabara
Hiyo ni kwa ugonjwa wa kimo. Hakuna anayekuahidi kuwa inalinda bandama, na inakukojoza, maji ndiyo hayo yanapotea. Ni ya jamii ya salfa pia, kama SP ya malaria inakuwasha mwambie daktari. Asiinunue duka la pembeni.

Kichwa Ngumu 77
Wakuu mnalishwa chai na si ya koka. Post ya kwanza ni ndugu, ya tatu ni yeye mwenyewe. "Tatizo dogo" likawa "damu tu", likawa seli mundu. Kila akibanwa hadithi inanenepa. Kesho atasema ana mapacha. Kama tiketi ya Machu Picchu ipo, taja njia na saa, maana zimeandikwa.

Tausi wa Ilala
Njia ya 2, saa 4 asubuhi. Na sikusema ndugu ili kudanganya, niliona aibu. Mama mkwe anasoma humu.

Kichwa Ngumu 77
Njia ya 2 ipo kweli. Basi, chai imepungua sukari. Ila mama mkwe sasa ameshajua.

Mlima Hauhami
Tuendelee. Majibu yakiwa AS na daktari akikubali, geuza safari. Machu Picchu yenyewe ni mita 2,430 na kijiji cha chini yake 2,040, huko hatari ni ndogo zaidi. Shida ni Cusco kuja mwanzo. Ukitua tarehe 23 usiingie mjini, chukua gari moja kwa moja hadi Ollantaytambo, mita 2,792, kama saa mbili. Jua kwamba njia ya Chinchero inapanda kwanza hadi mita 3,760 ndipo ishuke, kwa hiyo kaa kitini, usishuke kupiga picha. Lala huko siku mbili. Treni inaanzia palepale. Cusco iwe mwisho, usiku mmoja, Plaza, ghorofa ya chini.

Tausi wa Ilala
Na Inti Raymi je? Ndiyo sababu ya safari yote! Asubuhi inaanzia Qorikancha, hekalu la jua mle mjini, halafu Plaza, hapo si tambarare? Nikiangalia hapo tu nikaacha kupanda Sacsayhuamán?

Mlima Hauhami
Tambarare ya mita 3,400. Hujapanda, ila umeshapandishwa na ndege.

Chumvi Kidogo
Kama unachotaka ni mji wa Kihispania wenye mitaa ya kutembea, Arequipa ipo mita 2,335. Mawe meupe ya volkano, monasteri ya Santa Catalina ya 1579 ambayo ndani ina vichochoro vyake kama mji, na soko la San Camilo. Huko hata San Blas huitamani.

Mama Rozari
Na Lima kuna Mtakatifu Martin, mita 150 hivi tu.

Tausi wa Ilala
Nimetoa damu leo, majibu Ijumaa. Asanteni, hata aliyeniita muongo. Ila kama majibu ni AS, Plaza au San Blas?

Mlima Hauhami
Ollantaytambo.