Kijana wangu ni wa vitabu tu, ami yake anasema nimemharibu

UmmuWawili
Asalaam aleikum. Niko Malindi, mtaa wa Shela. Nina kijana wa miaka 14. Swala haimpiti, mtiifu, ila akishika jambo haliachi. Mwaka jana zilikuwa nyota, mwaka huu ni maji ya bahari. Ukuta wa chumba umejaa karatasi: leo yamejaa saa ngapi, yamekupwa saa ngapi, mwezi una siku ngapi. Jioni anashuka pwani na kijiti alichokitia alama kama rula. Wenzake wanamwita Profesa, na si kwa heshima.

Juzi tulikuwa na wageni, ami yake akasema ile mitambo ya chuma iliyosimama baharini Ngomeni ni ya kuchimba mafuta. Kijana akamkatiza mbele ya sinia: "Si mafuta ami, palikuwa pa kurushia roketi." Tangu siku hiyo sina amani. Eti nimemdekeza, simu ifungiwe, apelekwe mpira kwa lazima. Mpira sina ugomvi nao. Lakini nikimwona na karatasi zake, ana raha ambayo mimi sijawahi kuipata kwa jambo lolote. Nimzuie au nimwache?

KusiKaskazi
Mpeleke mpira. Asiyeweza kukaa na watu hapati kazi.

Bint_Mayungu
Mie nilikuwa hivyo hivyo, na mahesabu. Sisemi nimetajirika, maana kwenye maswali kama haya hakosi mtu wa kujigamba kuwa waliomcheka sasa anawaajiri. Mie karani tu. Nilichopata ni kidogo na sikibadilishi na kitu: sijui kuchoka kwa kukaa peke yangu. Stendi tukingoja matatu ijae, wenzangu wanamlaani dereva, mie natafuta nambari za magari zinazogawanyika kwa 7. Chekeni. Shoga yangu wa miaka mingi nilimpata hapo hapo stendi, naye akitafuta za 13.

MwalimuMstaafu
Kijana amesema kweli. Ngomeni Waitalia walianza kurusha setilaiti 1967. Tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa ya Marekani, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu ikaitwa Uhuru. Ndiyo ya kwanza kutengenezwa mahsusi kutazama miale ya eksirei angani. Aliyeongoza kazi ile, Riccardo Giacconi, alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia 2002. Mwulize mwanao kwa nini Waitalia hawakurushia kwao. Akitaja ikweta, kwamba huku dunia inazunguka kwa kasi zaidi na roketi inapata msukumo wa bure, mnunulie daftari.

Ila adabu nayo. Angeuliza, "Ami, si ndipo iliporushwa Uhuru?" Mkubwa anaachiwa mlango wa kutokea.

NahodhaMzee
Bi, huyo mtoto nipe mimi. Huu mwaka wa 31 niko baharini. Hayo anayoandika ndiyo tuliyofunzwa na wazee, ila sisi kwa kuhesabu siku za mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua: maji yanakupwa mno, kiasi cha saa 4 asubuhi miamba yote iko nje. Kisha kila siku yanachelewa, hata tunafika maji mafu, yasiyojaa sana wala kukupwa sana. Wanangu mwenyewe nikiwaeleza macho yako kwenye simu. Wako ameshika kijiti! Lakini akija aziache karatasi nyumbani, kwanza akae asikilize. Upepo ukivuma sana kutoka baharini, maji hupanda kuliko hesabu yake.

UmmuWawili
Shukran nyote, nimemsomea. Swali la ikweta alilijibu sijalimaliza, kwa hiyo nina deni la daftari. Kwa ami ameenda mwenyewe kutaka radhi. Ami amepokea, kisha akauliza hiyo Uhuru iko wapi sasa, wakakaa mpaka isha. Mpira bado anautaja.

Nahodha, kijana anasema maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, anauliza nyinyi mwahesabu vipi. Karatasi amekubali kuziacha. Kijiti hataki.

KusiKaskazi
Na mpira je?

NahodhaMzee
Maji yakikupwa kuna uwanja hapa mchangani, atacheza na wajukuu wangu. Aje Jumamosi, na kijiti chake. Tunatoka maji yakianza kupwa. Saa sikwambii, ajue mwenyewe.